Kuchanganya Si Kuchakachua: Mvinyo Mwekundu wa Languedoc

Kitendo cha kuchanganya, kinapohusishwa na kitu cha kunywa au cha kuuzwa kwa lita, huamsha shaka katika masikio ya msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa maziwa yaliyotiwa maji na dizeli iliyotiwa mafuta ya taa vimeipatia lugha kitenzi chake maalumu, kuchakachua, ambacho hakina maana njema hata moja. Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba chupa ya mvinyo mwekundu kutoka kusini mwa Ufaransa ina zabibu za aina mbili, tatu au hata tano ndani yake anaweza basi kudhani kwamba muuzaji amekiri kosa. Katika jimbo la Languedoc, hata hivyo, uchanganyaji huo ni takwa la sheria, kwani mvinyo mwekundu hauruhusiwi kubeba jina la Corbières, la Minervois wala la Saint-Chinian ikiwa umetengenezwa kwa zabibu za aina moja tu. Jambo linaloipa habari hii ladha yake ni kwamba jimbo hilo hilo liliwahi kutajwa kila palipotajwa mvinyo hafifu na uliochakachuliwa, hivi kwamba historia yake inaweza kusomwa kama historia ya tendo moja, la kumimina pipa hili ndani ya lile, lililoanza kama njia ya kuficha udhaifu na baadaye likageuka kuwa ufundi.

Languedoc ni ukanda wa mashamba ya mizabibu unaoikumbatia pwani ya Mediterania, kuanzia karibu na mji wa Nîmes na mto Rhône upande wa mashariki, kupitia Montpellier, Béziers na Narbonne, hadi chini ya milima ya Pyrenees, ambako unapakana na Roussillon, jirani yake aliye mpakani mwa Hispania na ambaye mara nyingi hutajwa pamoja naye kama pacha. Pande hizo mbili kwa jumla zina takriban hektari 200,000 za mizabibu, eneo ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani kwa zao hilo, ingawa zamani lilikuwa kubwa zaidi na limepunguzwa kwa makusudi, kama itakavyoelezwa. Jina lenyewe maana yake ni "lugha ya oc", kwa kuwa watu wa kusini katika zama za kati walisema "oc" pale ambapo watu wa kaskazini walisema "oïl", neno lililokuja kuwa "oui", yaani ndiyo. Msemaji wa Kiswahili naye anayo sababu ya kuvutiwa na maneno hapa, maana lugha yake imekipokea kinywaji hiki kupitia milango miwili: mvinyo ni neno lililoachwa na Wareno, ambao hukiita "vinho", na divai ni neno ambalo hulinganishwa na "du vin" la Kifaransa, na ambalo mpaka leo lina harufu ya altare kuliko ya baa.

Hali ya hewa ndiyo hoja ya kwanza ya uchanganyaji. Mvua ya pwani ya Languedoc, katika sehemu nyingi, ni kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka, kiasi kisichotofautiana sana na kile cha Dodoma, ambako zabibu za Tanzania hulimwa. Tofauti kubwa ni kwamba Dodoma mvua huja wakati wa joto, ilhali Languedoc hunyesha zaidi katika majira ya mapukutiko na ya baridi, mara nyingine kwa ghadhabu ya siku moja au mbili, na kuanzia Juni hadi Agosti huenda isidondoke hata tone kwa wiki nyingi. Tofauti ya pili ni baridi yenyewe: mzabibu wa Languedoc hulala usingizi kuanzia Novemba hadi Machi na kwa hiyo huzaa mara moja tu kwa mwaka, wakati ule wa Dodoma, usiojua baridi kali, hukatwa matawi na kuvunwa mara mbili. Upepo nao una kazi yake, hasa Tramontane, upepo mkavu unaoshuka kutoka kaskazini-magharibi kwa siku kadhaa mfululizo na kuyakausha majani, jambo linalozuia ukungu na kumpunguzia mkulima gharama ya dawa, ndiyo maana eneo hili limekuwa mstari wa mbele katika kilimo kisichotumia kemikali za viwandani.

Jua jingi huivisha sukari haraka, na sukari ndiyo inayogeuka kuwa kileo, lakini jua hilo hilo huiunguza asidi, yaani ule uchachu unaoufanya mvinyo uwe na uhai mdomoni badala ya kulala kama sharubati. Aina moja ya zabibu, ikipandwa katika hali hiyo, mara nyingi hutoa mvinyo wenye kilema fulani, kwa maana kwamba una nguvu bila rangi, au una rangi bila ulaini, au una ulaini bila ya kitu cha kuushikilia. Katika nchi za baridi kama Burgundy, ambako zabibu huiva polepole na kwa shida, aina moja inaweza kujitosheleza kwa sababu kila sifa hufika kwa wakati wake. Katika nchi ya jua kali sifa hazifiki pamoja, na mkulima hulazimika kuzitafuta kwa miti tofauti.

Miti hiyo, kwa mvinyo mwekundu, ni mitano hasa. Grenache, ambayo Wahispania huiita Garnacha, ina shina imara linalostahimili upepo na zabibu zenye sukari nyingi, kiasi kwamba mvinyo wake hufika kwa urahisi asilimia 14 au 15 ya kileo. Ni laini, ina harufu ya matunda mekundu yaliyoiva sana, lakini ganda lake ni jembamba, rangi yake hufifia mapema, na hewa huiharibu upesi kama inavyolibadilisha rangi tunda la tofaa lililokatwa. Syrah, iliyoshuka kutoka bonde la juu la Rhône, huleta rangi nzito na harufu ambayo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa, kwa sababu ni ya pilipili manga: mwaka 2008 watafiti wa Australia walibainisha kwamba harufu hiyo katika mvinyo hutokana na kiini kiitwacho rotundoni, ambacho ndicho hicho hicho kinachopatikana katika punje za pilipili manga zenyewe. Mourvèdre, nayo ikiwa ya asili ya Hispania, huchelewa kuiva na ni ngumu kuipendeza. Wakulima husema kwamba hutaka uso juani na miguu majini, na kwa hiyo hufanikiwa zaidi karibu na bahari, kama katika La Clape, kilima cha mawe ya chokaa kando ya Narbonne ambacho enzi za Warumi kilikuwa kisiwa. Inapoiva vizuri huupa mvinyo uti wa mgongo, harufu ya nyama na ngozi, na uwezo wa kukaa miaka mingi chupani.

Miwili iliyobaki ilidharauliwa kwa muda mrefu. Cinsault ina zabibu kubwa zenye maji mengi, huvumilia ukame, na hutoa mvinyo mwepesi wenye harufu nzuri unaofaa zaidi kwa mvinyo wa rangi ya waridi. Umaarufu wake nje ya Ufaransa unatokana na mtoto wake, kwa sababu mwaka 1925 Abraham Perold, mwanasayansi wa Stellenbosch, aliizalisha pamoja na Pinot Noir na kupata Pinotage, zabibu ambayo jina lake husomeka leo kwenye chupa za Afrika Kusini zinazouzwa katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam. Carignan, iliyokuja kutoka Aragon, ndiyo iliyokuwa mzabibu mwekundu uliopandwa kuliko wote Ufaransa kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, na si kwa sababu ya utamu, bali kwa kuwa huzaa kwa wingi unaotisha. Mvinyo wake una asidi kali na ukakasi mwingi. Ukakasi huo, ambao wataalamu huuita tanini, ni ile hali ya ulimi kukunjamana na kukauka ambayo kila aliyewahi kula bibo la korosho au ndizi mbichi anaifahamu. Hutoka katika maganda na kokwa, na ukiwa kwa kiasi humpa mnywaji hisia kwamba mvinyo una mwili, lakini ukizidi hugeuka kuwa adhabu.

Ukizitazama sifa hizo pamoja, hesabu ya mchanganyiko hujitokeza karibu yenyewe. Grenache hutoa joto na ulaini, Syrah hutoa rangi na harufu, Mourvèdre hutoa umri, Carignan hutoa uchachu, na Cinsault hulegeza kamba pale zilipokazwa mno. Kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa macho wala kuonjwa kwa ulimi wa kawaida, nayo ni tabia ya kila mvinyo mbele ya hewa: Grenache huwahi kuharibiwa na oksijeni, ilhali Syrah na Mourvèdre, zikinyimwa hewa, hutoa harufu nzito isiyopendeza, kwa hiyo zikiwekwa pamoja kila moja huilinda nyingine na udhaifu wake. Mpishi wa pilau hatii binzari nyembamba, mdalasini, karafuu na iliki ili kuificha nyama iliyooza. Huvitia kwa kuwa hakuna kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake ni pilau, na anayejua kupika hujua pia kwamba karafuu mbili za ziada zinaweza kukiharibu chungu kizima.

Namna mvinyo wenyewe unavyotengenezwa inastahili maelezo, kwa sababu wengi hudhani kwamba zabibu za aina zote hutupwa pamoja katika pipa moja. Hilo lilifanyika zamani na hufanyika bado kwa nadra, lakini kawaida ya sasa ni kutenganisha. Kila aina huiva kwa wakati wake, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, na kila aina, mara nyingi kila kipande cha shamba, huvunwa na kuchachushwa peke yake. Zabibu hutenganishwa na vikonyo, hupasuliwa, kisha huwekwa pamoja na maganda yake katika matangi ya chuma kisichoshika kutu au ya saruji, ambamo hamira huila sukari na kuigeuza kuwa kileo na hewa ukaa. Maganda ndiyo msingi wa wekundu, kwa kuwa juisi ya zabibu nyeusi nyingi haina rangi. Huelea juu na kufanya tabaka zito ambalo watengenezaji huliita kofia, na juisi hupandishwa kwa pampu na kumwagiwa juu yake, au kofia hiyo husukumwa chini, mara kadhaa kwa siku, kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Carignan mara nyingi hupewa njia tofauti: vichala vizima, bila kupasuliwa, hufungiwa katika tangi lililojaa hewa ukaa, na uchachukaji huanza ndani ya kila punje, njia inayotoa harufu ya matunda na kuuacha ukakasi mwingi nyuma.

Uchanganyaji wenyewe hufanyika baadaye, katika majira ya baridi au mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wakati mivinyo imetulia na asidi kali imeshageuzwa na bakteria kuwa asidi laini ya aina ile iliyomo katika maziwa ya mgando. Mtengenezaji huketi mbele ya sampuli kumi, ishirini au zaidi, akiwa na silinda ya kupimia, na kujaribu uwiano mmoja baada ya mwingine, akionja, akitema na kuandika. Hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kumsaidia sana, kwa sababu sehemu tano katika mia za Mourvèdre zinaweza kuubadilisha mvinyo ambao sehemu 20 za Syrah hazikuugusa, na kwa sababu mwaka wa ukame humpa vifaa tofauti na mwaka wa mvua. Kuna mvinyo mzuri sana, ukiwa peke yake, ambao kila unakoingizwa huharibu, na mtengenezaji mwenye busara huuacha nje hata kama ulimgharimu kuliko mingine yote.

Heshima hii ya uchanganyaji ni ya juzi tu. Mizabibu ilifika mapema, kupitia Wagiriki waliouanzisha mji wa Marseille karibu mwaka 600 kabla ya Kristo, na hasa kupitia Warumi walioujenga mji wa Narbonne mwaka 118 kabla ya Kristo, lakini kwa karne nyingi mvinyo wa Languedoc ulinywewa karibu na ulikotoka. Bandari ya Sète iliyoanzishwa mwaka 1666, na Mfereji wa Midi uliokamilika mwaka 1681 kwa kazi ya Pierre-Paul Riquet, ziliufungulia njia. Reli ya katikati ya karne ya 19 ikauvunjia ukuta. Ghafla mvinyo wa kusini uliweza kufika Paris na miji ya viwanda ya kaskazini kwa siku chache, na huko walikuwapo wachimba migodi na wafanyakazi wa viwandani waliotaka kinywaji rahisi kwa wingi, bila kuuliza kilitoka kilima gani. Wakulima waliacha vilima vyenye mawe, wakashuka kwenye tambarare zenye rutuba, wakapanda Aramon, mzabibu ulioweza kutoa hektolita 400 kwa hektari, yaani lita 40,000, wakati mvinyo wenye hadhi leo hutolewa kwa kiasi cha hektolita 50 au chini ya hapo.

Mvinyo wa Aramon ulikuwa mweupe kiasi cha kuona aibu, na hapo ndipo uchanganyaji wa aina ya pili ulipozaliwa. Henri Bouschet, mtaalamu wa mizabibu wa jimbo hilo, alizalisha zabibu ambazo si ganda tu bali hata nyama yake ni nyekundu, maarufu zaidi ikiwa Alicante Bouschet, ili kuupaka rangi mvinyo uliokosa rangi. Kisha likaja janga. Kuanzia miaka ya 1860 mizabibu ya eneo la Gard, upande wa mashariki, ilianza kufa bila sababu iliyojulikana, hadi mwaka 1868 Jules-Émile Planchon wa Montpellier na wenzake walipochimba mizizi na kumkuta filoksera, mdudu mdogo mithili ya kidukari aliyetoka Amerika Kaskazini na ambaye huyafyonza maisha ya mti kupitia mizizi yake. Dawa iliyofaa ilikuwa kubebesha vikonyo vya mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo yalikuwa yamezoea mdudu huyo, na karibu kila chupa ya mvinyo wa Ufaransa inayonywewa leo imetoka kwenye mti wa namna hiyo, wenye miguu ya Kimarekani na kichwa cha Kifaransa.

Katika miaka ya uhaba iliyofuata, wafanyabiashara hawakungoja mashamba yapone. Mvinyo ulitengenezwa kwa zabibu kavu zilizoagizwa kutoka mashariki ya Mediterania na kulowekwa majini, au kwa kuyatia maji na sukari makapi yaliyokwisha kukamuliwa. Walowezi wa Kifaransa walipanda mizabibu nchini Algeria, nchi ya Waislamu ambayo wenyeji wake wengi hawakuwa na haja na kinywaji hicho, na mvinyo wao mweusi wenye kileo kikali ulivushwa hadi Sète ili kuupa nguvu ule wa Aramon. Bei ilipangwa kwa kuzidisha hektolita kwa nyuzi za kileo, kana kwamba mvinyo ni mafuta ya taa. Basi mashamba ya Languedoc yalipopona na kuanza kuzaa tena kwa wingi, soko lilikuwa limejaa vitu vinavyojiita mvinyo, na bei ikaanguka hadi mkulima hakuweza kulipa vibarua wala deni.

Tarehe 11 Machi 1907 watu 87 wa kijiji cha Argeliers, wakiongozwa na Marcelin Albert, mkulima mdogo aliyekuwa pia na mkahawa, waliandamana hadi Narbonne kuwaeleza wabunge dhiki yao. Jumapili baada ya Jumapili umati ukaongezeka kutoka mji hadi mji, na tarehe 9 Juni, katika Montpellier, ulikadiriwa kupita watu 500,000, idadi ambayo Ufaransa ilikuwa haijaizoea katika maandamano yoyote. Madai yao yalikuwa mepesi kuyaelewa: kinachouzwa kwa jina la mvinyo kiwe kimetoka kwenye zabibu. Serikali ya Georges Clemenceau ilipeleka majeshi. Watu kadhaa waliuawa Narbonne kwa risasi, na askari wa kikosi cha 17 cha miguu, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima wa hapo hapo, waliasi na kuelekea Béziers wakiwa na silaha zao. Albert alikwenda Paris kuonana na Clemenceau, ambaye alimpa faranga 100 za nauli ya treni kisha akahakikisha kwamba magazeti yamejua, na heshima ya kiongozi huyo mbele ya wenzake ikaisha kwa noti moja. Lakini sheria ya tarehe 29 Juni 1907 ilipitishwa: kila mkulima alitakiwa kutangaza mavuno yake na matumizi ya sukari yakabanwa, na vita dhidi ya uchakachuaji vikawa na meno. Mfumo wa baadaye wa majina ya asili yanayodhibitiwa, uliowekwa mwaka 1935 na ambao kwao jina la mahali kwenye chupa ni ahadi ya kisheria kuhusu ardhi, aina ya zabibu na kiasi cha mavuno, una deni kubwa kwa miaka ile ya hasira.

Kuzuia udanganyifu, hata hivyo, hakukutosha kuleta ubora. Vyama vya ushirika, ambavyo cha Maraussan kilichoanzishwa mwaka 1901 ni miongoni mwa vya kwanza na vilivyosifiwa zaidi, viliwaokoa wakulima wadogo kwa kuwapa matangi na mashine za pamoja, lakini vilimlipa kila mtu kwa uzito na sukari, na hivyo vilimtuza aliyezalisha kingi kuliko aliyezalisha kizuri. Tukio la Machi 1976 kule Montredon, ambako mkulima mmoja na afisa mmoja wa polisi waliuawa katika mapambano ya risasi kuhusu mvinyo wa bei rahisi uliokuwa ukiagizwa kutoka nje, liliwaonyesha wengi kwamba njia ya wingi imefika ukutani, hasa kwa kuwa Mfaransa aliyekuwa akinywa zaidi ya lita 100 kwa mwaka mnamo miaka ya 1960 alikuwa ameanza kupunguza, na leo hafikishi hata nusu ya kiasi hicho. Jumuiya ya Ulaya ililipa fedha kwa kila hektari iliyong'olewa, na makumi ya maelfu ya hektari yakatoweka.

Wakulima waliobaki walirudi kwenye vilima. Fitou ilikuwa imepata jina lake la asili tangu mwaka 1948; Faugères na Saint-Chinian zilifuata mwaka 1982, Corbières na Minervois mwaka 1985, na majina mapya zaidi, kama Terrasses du Larzac la mwaka 2014 na Pic Saint-Loup la mwaka 2017, yanaonyesha kwamba ramani haijakamilika. Kila jina lina udongo wake wa kujivunia: Faugères ni mwamba wa shisti unaovunjika kwa tabaka kama vigae na kuruhusu mizizi kupenya chini kutafuta maji, wakati Terrasses du Larzac hupata hewa baridi ya usiku kutoka uwanda wa juu ulio nyuma yake, ambayo huihifadhi asidi hata Agosti. Mizabibu ya vilimani huzungukwa na garigi, vichaka vikavu vya zaatari, rozmari na lavenda, na wanywaji wengi huapa kwamba harufu ya mimea hiyo imo ndani ya bilauri. Wengine husema ni mahaba ya wauzaji, ingawa aliyepita huko mchana wa Julai huelewa kwa nini imani hiyo haifi.

Kulikuwa pia na waliokataa ramani hiyo. Aimé Guibert, mtengenezaji wa glavu za ngozi aliyenunua shamba la Daumas Gassac karibu na Aniane, alishauriwa na Henri Enjalbert, mwanajiografia wa Bordeaux, kwamba ardhi yake inaweza kutoa mvinyo mkubwa, akapanda hasa Cabernet Sauvignon, akachanganya nayo aina nyingine nyingi, na mavuno yake ya mwaka 1978 yakauzwa katika daraja la chini kisheria kwa sababu zabibu zake hazikuwa katika orodha ya jimbo. Na tangu mwaka 1987 kumekuwapo jina pana la Pays d'Oc, linaloruhusu mvinyo wa aina moja na kuiandika aina hiyo kwenye lebo, mpango ambao mfanyabiashara Robert Skalli aliusukuma sana na ambao umeuza mamilioni ya chupa za Merlot na Cabernet kwa wanunuzi wasiotaka kusumbuliwa na majina ya vijiji. Mvinyo huo unaweza kuwa mzuri, lakini kwa kawaida hauwezi kumwambia mnywaji umetoka wapi, kwa kuwa Merlot ya jua hufanana na Merlot nyingine ya jua. Mchanganyiko wa Carignan na Grenache kutoka kilima cha Corbières haufanani na kitu kingine, hata pale usipopendeza.

Anayekutana na chupa ya namna hiyo afahamu kwamba lebo ya mbele huenda isitaje zabibu hata moja, kwa sababu jina la mahali linatosha kumjulisha anayejua, na aina za zabibu, zikitajwa, hutajwa nyuma. Afahamu pia kwamba agizo la kuunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba lilitungwa na watu wenye vyumba vya baridi. Nyuzi 16 hadi 18 ndizo zinazoufaa, na katika nyumba ya Mombasa au Dar es Salaam hilo maana yake ni kuuweka kwenye friji kwa nusu saa au zaidi, la sivyo kileo cha Grenache hupanda puani na kuzifunika harufu nyingine zote. Huko kwao hunywewa pamoja na kondoo wa kuchoma na kassule, maharage meupe yanayopikwa polepole na nyama.

Swali linalowakabili wakulima wa Languedoc sasa ni kama jua lililowapa sababu ya kuchanganya halitazidi uwezo wa mchanganyiko wowote. Tarehe 28 Juni 2019 kipimajoto katika kijiji cha Vérargues, eneo la Hérault, kilifika nyuzi 46, rekodi ya Ufaransa yote, na majani ya mizabibu yalikauka kana kwamba yamepitiwa na moto. Agosti 2025 moto wenyewe ulipita katika Corbières na kuteketeza zaidi ya hektari 10,000 za vichaka, misitu na baadhi ya mashamba. Watafiti wa Ufaransa wamezalisha aina mpya zinazostahimili ukungu, kama Artaban iliyoidhinishwa mwaka 2018, na wakulima wengine huvuna usiku ili zabibu zifike kiwandani zikiwa baridi.

Mabadiliko makubwa zaidi yanatokea katika uwiano. Kuanzia miaka ya 1970 Syrah iliitwa rasmi "mboreshaji", na wakulima walishawishiwa kuipanda mahali pa Carignan, ambayo ilipewa nafasi ya mwisho katika kanuni za majina mengi na nafasi ya kwanza katika orodha za kung'olewa. Leo Syrah huteseka kwa joto, na mingi kati ya miti yake inakufa kwa ugonjwa unaopasua sehemu ya kiungo pale ilipobebeshwa, ilhali Carignan, yenye asidi inayodumu hata kwenye nyuzi 40, inatafutwa upya. Inayotafutwa zaidi ni ile ya zamani, miti mifupi iliyopinda isiyofungwa kwenye waya, yenye umri wa miaka 80 hadi 100, ambayo haizai tena kwa wingi uleule uliolitia jina lake doa. Ni michache, na mara nyingi imo katika vipande vidogo vya vilimani.